Nyoka Si Nyoka Tu: Swila Wetu na Jina Lililochelewa Miaka 40

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tano, kule Ganze, Kilifi. Jioni moja mjomba wangu alizunguka nyuma ya jiko kuchukua kuni. Hakuwa na tochi. Tulisikia kelele moja tu, halafu tukamwona anarudi akiruka kwa mguu mmoja, ameshika ule mwingine. Majirani walikuja na mapanga, nyoka akauawa, akachomwa moto palepale. Mjomba akapakiwa kwenye pikipiki, akapelekwa zahanati.

Swali la kwanza aliloulizwa pale: "Nyoka gani?"

Mjomba akajibu, "Swila."

Ukutani kulikuwa na picha ya nyoka. Akaonyeshwa swila aliyekuwa hapo, mweusi tititi. "Ni huyu?" Mjomba akatazama, akatikisa kichwa. "Huyu siye. Wetu alikuwa wa rangi ya udongo." Basi mjadala ukaanza. Labda ni moma. Labda ni songwe. Labda mjomba hakuona vizuri, maana ilikuwa giza. Nyoka mwenyewe alikuwa majivu tayari, hakuna wa kumkagua. Usiku ukaisha hivyo, asubuhi ndipo akahamishiwa hospitali kubwa. Mguu ulipona baada ya miezi, lakini nyama ilikuwa imeoza na vidole viwili havikurudi.

Nyumbani watu walisema neno moja tu: "Nyoka ni nyoka. Ukimwona, ua."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi. Leo nataka kuipinga, na nitaipinga kwa historia. Kwa sababu nilipokuwa mkubwa niligundua kitu kilichoniuma: yule swila wa rangi ya udongo, ambaye picha ya ukutani haikumjua, alikuwa ameshapewa jina lake miaka miwili kabla ya mjomba kuumwa. Na kielelezo kilichotumiwa kumpa jina kilitoka Watamu. Watamu! Kaunti yetu hii hii. Ukiondoka Ganze asubuhi, mchana unakula samaki huko.

Hebu tuanze mwanzo.

Chupa za makumbusho

Wazungu walipoanza kuwapa wanyama wa Afrika majina ya kisayansi, kazi ilifanywa kwa macho na rula. Nyoka alikamatwa, akatiwa ndani ya chupa ya kileo, akasafirishwa hadi Ulaya. Huko mtu alikaa mezani akahesabu magamba, akapima mkia, akaandika rangi. Rangi yenyewe mara nyingi ilikuwa imeshafifia ndani ya chupa.

Mwaka 1843, Mdenmaki aitwaye Reinhardt alimwandika swila mwenye shingo nyeusi, akamwita Naja nigricollis. Mwaka 1854, Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekuwa amezunguka Msumbiji kwa miaka kadhaa, akamwandika swila wa huko, Naja mossambica. Mwaka 1896, Boulenger, aliyefanya kazi katika makumbusho ya London, akamwandika swila mwekundu wa nchi kavu za upande wetu huu, Naja pallida. Ukienda Tsavo ukaona swila mdogo mwekundu mwenye mkanda mweusi shingoni, ndiye huyo.

Sasa tatizo. Afrika ni kubwa, na nyoka wa namna moja wanaweza kutofautiana rangi kutoka kijiji hadi kijiji. Halafu nyoka wa namna mbili tofauti wanaweza kufanana kama mapacha. Ukiwa na chupa chache na rula tu, utajuaje yupi ni yupi? Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakiwaunganisha na kuwatenganisha hao swila. Mara hawa ni spishi moja, mara ni mbili, mara yule ni ukoo mdogo wa huyu.

Katikati ya mvutano huo kulikuwa na swila mmoja mkubwa wa kahawia, anayepatikana nchi za chini zenye ukame: Pwani na mashariki ya Kenya, kaskazini mwa nchi, Ethiopia ya kusini, Somalia ya kusini, na kaskazini mashariki mwa Uganda. Mkubwa kweli kweli. Vitabu vilimweka wapi? Vilisema ni Naja nigricollis, yule mwenye shingo nyeusi, ila huyu ana rangi ya kahawia. Basi. Jina la mwingine akavishwa, kama mtoto anayeandikishwa shule kwa cheti cha binamu yake.

Mtu aliyeshuku

Mmoja wa watu walioshuku jambo hili mapema alikuwa James Ashe. Miaka ya 1960 Ashe alikuwa msimamizi wa bustani ya nyoka ya Nairobi, ile iliyo karibu na makumbusho, ambapo wengi wetu tumepelekwa na shule tukapiga kelele mbele ya vioo. Ashe aliwajua nyoka wakiwa hai. Hilo ni jambo kubwa. Aliyekaa London alimwona nyoka amekufa, amejikunja ndani ya chupa. Ashe aliwaona wakila, wakitema, wakikua. Na akaona kwamba huyu mkubwa wa kahawia hafanani na yule mweusi wa nyanda za juu.

Ashe hakuwa mgeni katika kazi ya kutoa majina. Mwaka 1968 yeye mwenyewe alimwandika nyoka wa mitini wa msitu wa Chuka, upande wa Mlima Kenya, akamwita Atheris desaixi, kwa heshima ya kijana Mmarekani wa kujitolea aliyempata. Lakini kwa swila, macho pekee hayakutosha kuwashawishi wenzake. Tofauti ya rangi? Rangi hubadilika. Tofauti ya ukubwa? Labda Pwani wanakula vizuri.

Mwaka 1980, Ashe na mkewe Sanda walianzisha Bio-Ken, shamba la nyoka pale Watamu. Na hapo ndipo swila wa kahawia walipopata watu wa kuwatazama kila siku. Mwaka 2004 alikamatwa huko mmoja mwenye urefu wa karibu mita 2.7. Kuna rekodi ya swila wa Watamu aliyetoa mililita 6.2 za sumu kwa kukamuliwa mara moja. Chukua kijiko cha chai ukijaze, halafu uongeze kidogo. Ndiyo hiyo.

Mwaka huohuo wa 2004, James Ashe alifariki. Swila wake bado alikuwa anatumia jina la mtu mwingine.

Mwana wa nyoka

Kilichomaliza ubishi ni DNA. Na hapa nivumilieni kidogo, nitaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Kila kiumbe kina vinasaba, maandishi ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zinazojirudia kwa mpangilio tofauti. Sehemu kubwa ya maandishi hayo unapata nusu kwa baba, nusu kwa mama. Lakini kuna kipande kidogo, kilicho nje ya kiini cha seli, ndani ya mitokondria, ambacho kwa kawaida hutoka kwa mama peke yake. Mama anampa mtoto, binti anampa mtoto wake, hivyo hivyo vizazi na vizazi.

Fikiria wimbo wa kubembeleza mtoto. Nyanya alimfundisha mama, mama akanifundisha dada yangu. Hakuna aliyeuandika. Kila baada ya muda neno moja linakosewa, na kosa lile linarithiwa. Ukikutana na familia mbili zinazoimba wimbo uleule wenye makosa yaleyale, unajua zimeachana juzi. Ukikutana na familia ambayo wimbo wake una makosa mengi tofauti, unajua waliachana zamani sana, hata kama leo wanavaa leso moja na kuishi mtaa mmoja.

Ndivyo alama za vinasaba zinavyofanya kazi. Mtafiti anachukua kipande kidogo cha gamba, au tone la damu, wakati mwingine hata gamba zima ambalo nyoka amelivua na kuliacha. Nyoka haitaji kuuawa. Anachagua jeni moja au mbili, anazirudufu maabara hadi ziwe nyingi za kutosha kusomeka, anasoma herufi, halafu anahesabu makosa. Zile chupa za zamani hazikuweza kusaidia sana hapa, kwa sababu vielelezo vingi vilihifadhiwa kwa formalini, na formalini huharibu DNA. Ilibidi kurudi kwa nyoka wenyewe, huku huku wanakoishi.

Wahenga walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Kweli. Lakini hawakutuambia ni nyoka yupi, na mama yake ni nani.

Kazi hiyo ilifanywa na watu wawili: Wolfgang Wüster wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na Donald Broadley wa Zimbabwe, mzee aliyekuwa ametumia maisha yake kuchunguza nyoka wa Afrika. Hawakuitupa rula. Walihesabu magamba kama Wazungu wa zamani, halafu wakaweka hesabu hiyo kando ya DNA ya mitokondria. Majibu yakagongana na vitabu. Swila mkubwa wa kahawia hakuwa Naja nigricollis kabisa. Tena, ndugu yake wa karibu hakuwa hata huyo mweusi aliyeazimwa jina lake. Alikuwa karibu zaidi na swila wa Msumbiji.

Yaani miaka yote ile tulimwandikisha kwa cheti cha binamu, na hata binamu mwenyewe hakuwa wa karibu!

Mwaka 2007 walichapisha jina jipya: Naja ashei. Swila wa Ashe. Kielelezo cha kwanza rasmi, kile ambacho kila anayetaka kuhakikisha lazima akirejelee, ni cha Watamu. Habari zikatangazwa duniani mwezi wa Desemba: swila mkubwa kuliko swila wote watemao sumu amepatikana Kenya. Mimi huwa nacheka nikisoma neno "amepatikana". Alikuwa amepotelea wapi? Nyanya alikuwa anamfukuza kwenye banda la kuku tangu ujana wake.

Hayo yote yanatuhusu nini?

Najua mtu atasema: sawa, mmebadilisha jina la Kilatini, sisi tunapata nini? Swali zuri. Nitajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni dawa. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga mnyama kama farasi kiasi kidogo cha sumu ya nyoka fulani, halafu kuchukua kinga inayojitengeneza kwenye damu yake. Kinga hiyo inaijua sumu iliyofundishwa. Ikikutana na sumu nyingine inaweza kusaidia, inaweza kusaidia nusu, inaweza kushindwa. Kuna nchi za Afrika zilizoletewa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India, na watu wakafa wakiwa wameshadungwa. Kwa hiyo ukigundua kwamba nyoka uliyedhani ni mmoja kumbe ni wawili, lazima urudi nyuma uulize: dawa hii ilijaribiwa kwa sumu ya yupi? Bila jina, hata swali lenyewe huwezi kuuliza. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Huwezi kupunguza usichokitambua.

La pili ni uhifadhi wenyewe. Nyoka anayedhaniwa kuenea kutoka Afrika Magharibi hadi Bahari ya Hindi hana wa kumhurumia. Yuko kila mahali, atakwisha vipi? Lakini DNA ikisema kwamba hao ni spishi mbili, tatu, tano, ramani ile kubwa inakatwa vipande, na kila kipande kina hatari zake: msitu unakatwa hapa, mkaa unachomwa kule.

Nitoe mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unaeleza vizuri kuliko wote. Kisiwa cha São Tomé, upande wa pili wa Afrika, kina fira mweusi. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba Wareno ndio waliomleta ili ale panya. Kwa maneno mengine, mgeni. Na mgeni nani atamlinda? Mwaka 2017 watafiti walionyesha, kwa DNA na kwa umbo, kwamba ni spishi ya peke yake, haipo popote duniani ila kisiwani hapo. Wakamwita Naja peroescobari. Aliyeitwa mhamiaji kumbe ndiye mwenyeji, tena alikuwa hapo kabla ya binadamu yeyote. Mwaka uliofuata, 2018, utafiti mkubwa wa fira wa misituni ulitambua kwamba waliokuwa wakiitwa spishi moja ni tano. Fira wa msituni tulio naye sisi Kenya sasa anaitwa Naja subfulva. Na safari hii hawakutegemea mstari wa mama peke yake. Walisoma pia vinasaba vya kwenye kiini, kwa sababu nyoka wa spishi mbili wanaweza kuzaana zamani, na wimbo wa mama ukakudanganya. Sayansi nzuri hujikagua.

Jina likishapatikana, sheria inaweza kulishika. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, Kenya iliomba biashara ya kimataifa ya nyoka wake wawili idhibitiwe: yule wa mitini wa Chuka aliyepewa jina na Ashe, na Bitis worthingtoni, nyoka mdogo mwenye pembe wa Bonde la Ufa, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Ombi likakubaliwa. Hebu jiulize, ombi hilo lingeandikwaje kama wote wangekuwa "nyoka" tu?

La tatu ni sheria yetu ya hapa nyumbani. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama inaweza kulipwa Sh5 milioni, na aliyepata ulemavu wa kudumu Sh3 milioni. Ukisoma orodha ya wanyama ya sheria hiyo ilipotungwa, simba alikuwa na jina lake, chui alikuwa na jina lake, fisi naye. Kisha walikuja nyoka: wenye sumu, wote kapu moja. Sisemi kila mwenye madai alete cheti cha DNA ya nyoka, la hasha, hiyo ingekuwa njia nyingine ya kumnyima maskini haki yake. Ninachosema ni kwamba serikali iliyokuwa ikilipa kwa ajili ya nyoka ingefaa ijue ni nyoka gani, wapi, lini. Hapo ndipo ungepeleka dawa kabla ya kupeleka pole.

Na hata mgonjwa asiyemwona nyoka bado anaweza kusaidiwa kujua. Nepal, kwa mfano, watafiti walipangusa majeraha ya walioumwa kwa pamba, wakatafuta DNA ya nyoka, na kwa baadhi yao wakafaulu kumtaja aliyeuma. Matokeo yalichapishwa 2016. Haikuwa kipimo cha haraka cha kumwokoa mgonjwa wa usiku ule, lakini kwa kuchora ramani ya nani anauma wapi, inatosha.

Deni

Sitawadanganya kwamba jina pekee lingeokoa vidole vya mjomba. Labda dawa haikuwepo. Labda tulichelewa tu. Lakini nakumbuka uso wake akitikisa kichwa mbele ya ile picha. Alikuwa anasema ukweli. Alikuwa mkulima asiye na tochi, na usiku ule, kuhusu rangi ya nyoka yule, alikuwa sahihi kuliko ukuta wa zahanati. Sayansi ilikuwa imeshakubaliana naye miaka miwili iliyopita, ila hakuna aliyeibeba habari hiyo kutoka Watamu hadi Ganze.

Hiyo ndiyo sehemu inayonikera. DNA ya swila wetu ilisafiri mpaka Wales ikasomwa, ikaandikwa kwa Kiingereza, na jina likarudi kwa Kilatini. Kwa Kiswahili halijafika bado. Nimewauliza vijana wa rika langu pale nyumbani, hakuna anayejua kwamba swila mkubwa kuliko wote duniani alipewa jina kwa kielelezo cha kaunti yake. Tunajua majina ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza hadi wa akiba.

Na bado tunamuua. Naelewa kwa nini, mimi nimetoka kwenye nyumba iliyoumizwa. Anayeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini yule swila hula nyoka wengine, akiwemo moma. Ukimmaliza mmoja kwa hofu, unaweza kuwa umemwachia mwingine nafasi karibu na jiko lako. Tochi, viatu, kuni zilizowekwa mbali na nyumba, na namba ya simu ya watu wanaojua kuhamisha nyoka vitafanya kazi kuliko panga.

Ombi langu ni dogo. Picha za ukutani kwenye zahanati za Kilifi, Tana River, Kitui na Garissa ziwe na swila wa kahawia, na jina liandikwe kwa Kiswahili. Mimi napendekeza "swila mkubwa". Kama mna jina bora zaidi, semeni.

Mjomba bado yuko hai. Nilipomsimulia haya yote, maabara, Wales, herufi nne na wimbo wa mama, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si niliwaambia alikuwa wa rangi ya udongo?"

Kwenu mnamwitaje?